Rafu ya Siku Tisa

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na waraka umefika leo. Sijui kipi kitatulowesha zaidi.

Waraka unasema maktaba yetu iwe na rafu maalumu ya vitabu kuhusu Kampeni ya Siku Tisa kabla ya gwaride la kumbukumbu, tarehe tisa Aprili. Vitabu sita, “vyenye mizani, vinavyotoa sauti ya kila upande.” Mkuu wa maktaba aliusoma mara mbili, kisha akausukuma kwangu kwa kidole kimoja. Alisema mimi ndiye ninayesoma sana. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: *Aliyechagua atatia sahihi na kuwajibika.*

Hapa kwetu mtoto huzijua Siku Tisa kabla hajaijua siku yake ya kuzaliwa. Siku ya kwanza jeshi lilivuka mto, siku ya nne likateka daraja, siku ya tisa likapandisha bendera juu ya paa la posta. Baba yangu aliendesha mojawapo ya malori yale. Kila mwaka, mwaka wa thelathini na nane sasa, huketi mstari wa mbele na nishani yake kifuani. Kwa hiyo mizani ya nini tena? Mwaka jana mwalimu mmoja wa historia aliuliza redioni kwa nini vitabu vyote vya Siku Tisa vinafanana kama mapacha. Alihamishwa. Wapi, hata mkewe hasemi.

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nilitoka tumboni nikichungulia kwanza kama kuna mtu.

Jumatano, 4 Machi

Nimepekua rafu zetu. Tuna vitabu kumi vya Siku Tisa. Tisa viliandikwa na makamanda. Cha kumi ni cha mapishi, kiliwekwa hapo kwa makosa.

Jumatatu, 9 Machi

Boksi la vitabu limeletwa kutoka bohari ya makao makuu, limelowa upande mmoja. Nimevipanga vitabu mezani nikavisoma siku nzima, mlango nusu wazi ili nisikie anayekuja.

Makamanda wawili, kila mmoja anadai yeye ndiye aliyetia mguu wa kwanza mtoni. Ofisa mmoja wa upande ulioshindwa, ambaye kwa maelezo yake hawakushindwa kamwe, ni matope tu yaliyowakwamisha. Msomi mmoja mwenye ramani nyingi na maneno magumu. Mkusanyiko wa barua za askari. Hivyo vitano havina neno.

Cha sita ni kitabu chembamba cha muuguzi aliyekuwa hospitali ya mji huu wakati ule. Kwake hakuna upande; kuna wanaotoka damu na wasiotoka. Sura ya mwisho inaitwa “Asubuhi Iliyofuata.” Anasema bendera ilipandishwa jioni ya siku ya tisa, na asubuhi ya siku ya kumi, vita vikiwa vimekwisha, wanaume kumi na wawili, raia, walitolewa kwenye ghala la nafaka, wakapakiwa kwenye lori. Lori lilielekea machimbo ya mawe. Lilirudi tupu.

Niligeuka kuangalia nyuma yangu. Hakukuwa na mtu ila Bi Kimya, mpiga mhuri wetu, anayeitwa hivyo kwa sababu hanyamazi. Alikuwa anasoma begani kwangu.

Nilimwambia hiki nitakirudisha. Akajibu kwamba mizani ya sahani moja si mizani, ni sahani.

Alhamisi, 12 Machi

Utaratibu wetu ni wa zamani na haujawahi kumsumbua mtu: kitabu chenye ubishi lazima kisomwe na msomaji wa nje, mtu asiye mfanyakazi, naye aandike maoni kwenye fomu. Fomu ina nakala tatu. Vile vitano vimepata wasomaji. Cha muuguzi, nilichoshindwa kukirudisha kwa kuwa waraka unataka sita, kimewashinda wote. Mfamasia anasema macho yanamsumbua. Mwalimu mkuu mstaafu alisema anasafiri. Leo nimemwona dirishani kwake akinywa chai.

Nimempa Baba.

Acha niandike ukweli, maana shajara haina mkaguzi. Sikumpa ili nipate mizani. Nilimpa nikijua atasema ni uongo mtupu, kitabu kitupwe, nami nirudi nyumbani nimenawa mikono. Na kwa vile sikuwa na shaka, nilijaza jina lake mapema kwenye nakala zote tatu, nikaacha tu nafasi ya maoni. Nakala ya kwanza imeondoka saa kumi na gari la makao makuu. Hilo ni kosa la watu wa ofisini peke yao: kuandika jibu kabla ya swali.

Jumapili, 15 Machi

Mvua. Baba ameketi kibarazani akipiga viatu rangi. Ni vile vyeusi vya kila mwaka. Kuanzia katikati ya Machi huvitoa kwenye sanduku la chini ya kitanda, huvipiga rangi mpaka vinang’aa, kisha huvirudisha. Havivai. Ni vidogo kwake namba mbili nzima. Nilipokuwa na miaka sita nilivijaribu nikapata kofi, la kwanza na la mwisho kutoka kwake. Nikiuliza husema ni vya jeshini. Nimekuwa nikidhani miguu ya wazee huvimba.

Jumatatu, 16 Machi

Anasoma. Ameomba kalamu.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Paa la maktaba linavuja kwenye rafu ya dini. Bi Kimya ameweka ndoo.

Alhamisi, 19 Machi

Baba amenirudishia kitabu leo asubuhi nikiwa nafunga kamba za koti la mvua. Alisema amemaliza, maoni yake yamo humo humo ndani. Nilimkumbusha kwamba maoni yanaandikwa kwenye fomu. Akasema fomu ilikuwa na mistari minne tu.

Nilikifungulia ofisini. Ukurasa wa themanini na nne na wa themanini na tano, pambizo zote, juu, chini na pembeni, kwa wino wa buluu, mwandiko wake wa kulala kama nyasi zilizokanyagwa. Nayanakili hapa, maana sijui kitabu kile kitafika wapi.

*Si kumi na wawili. Walikuwa kumi na tisa. Niliwahesabu wakipanda kwa sababu tairi la nyuma lilikuwa bovu.*

*Muuguzi hakumwona dereva. Dereva nilikuwa mimi.*

*Sikushuka. Niliambiwa niache injini ikinguruma, nikaiacha.*

*Mmoja alivua viatu kabla ya kushuka akanipitishia dirishani. Alisema, “Mke wangu yuko nyuma ya kinu cha unga, mpelekee, bado vizima.” Nilisema ndiyo. Sikupeleka. Ninavyo.*

Nilikifunga kitabu nikakiweka chini ya makalio, nikakikalia kama kuku, mpaka saa sita.

Baba yangu. Mtu anayeokoa mende walioangukia kwenye ndoo ya maji. Nilimwona mbele yangu akihesabu watu kwa ajili ya tairi, kisha nikaona viatu, miaka yote ile, na kile kitambaa cheupe cha kuving’arisha.

Nyumbani nilimuuliza kwa nini ameandika. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa.

“Wewe si ndiye uliyeniuliza?” alisema. “Hakuna aliyewahi kuniuliza.”

Nikamwambia jina lake liko makao makuu, limefungamanishwa na kitabu hiki, kwamba watu wamepotea kwa swali moja la redioni, na yeye ameandika kurasa mbili. Alisema anajua. Akaendelea kumenya.

Ijumaa, 20 Machi

Sikulala vizuri. Gari limesimama mbele ya nyumba asubuhi. Lilikuwa la jirani.

Jumatatu, 23 Machi

Mkuu wa maktaba amesema Mkaguzi anakuja Ijumaa. Atapitia vitabu vyote sita pamoja na fomu za wasomaji. Aliuliza fomu ya kitabu cha sita iko wapi. Nikasema msomaji anamalizia. Kukiondoa siwezi: kimeshaingia kwenye orodha, jina la Baba limeshaingia kwenye orodha, na kitabu kinachopotea wiki ya ukaguzi hupiga kelele kuliko kilichopo.

Jumanne, 24 Machi

Nimejaribu kifutio cha wino kwenye neno moja, “ndiyo.” Karatasi ilianza kutoboka. Nimeacha.

Jumatano, 25 Machi

Funika kombe mwanaharamu apite. Nimefanya nililofanya.

Kwa miaka kumi na saba nimekuwa nikitengeneza vitabu vilivyochanika; kama nina ufundi ni huo. Nilikoroga gundi ya unga wa ngano, nikaipaka nyembamba ukurasa wa themanini na nne, nikaulaza juu ya wa themanini na tano, nikakandamiza kwa jiwe. Kurasa zinazotazamana zikawa ukuta mmoja. Msomaji akifika themanini na tatu atajikuta themanini na sita, na kama hasomi kwa makini atadhani muuguzi ameruka jambo tu.

Kisha nikachukua fomu na kuandika kwa mwandiko wa kulala: *Kitabu kizuri. Lugha nyepesi. Kinafaa kwa rika zote.* Nikatia sahihi ya Baba. Imefanana sana. Hilo limenitisha kuliko gundi.

Alhamisi, 26 Machi

Haikauki. Mvua haijakatika siku ya tatu, hewa yote ni maji. Nimeleta pasi kutoka nyumbani nikaipitisha juu ya ukurasa, mvuke ukatoka unanuka mkate. Bi Kimya aliingia, akaona pasi, akaona kitabu, akaona uso wangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, jina lake lilimfaa. Alifunga mlango akasimama nje yake mpaka nikamaliza.

Baadaye alisema tu kwamba mficha uchi hazai. Nikamwambia sitaki kuzaa, nataka Baba alale kitandani kwake.

Ijumaa, 27 Machi

Amekuja saa tatu. Nilitarajia mtu wa kutisha. Ni mfupi, ana mafua, amebeba leso mbili. Aliomba chai. Alisoma fomu zote polepole, akilamba kidole kila anapogeuza.

Kisha akanyoosha mkono na, kati ya vitabu sita, akachukua chembamba.

Alikipima mkononi. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kurasa, na nilisikia mahali kilipokwama. Na yeye alisikia. Kitabu kilikuwa kimevimba pale katikati kama shavu lenye jino bovu.

“Hiki kimelowa,” alisema.

Nilisema paa linavuja. Bi Kimya, bila kuambiwa, aliinua ile ndoo ya rafu ya dini akamwonyesha. Mkaguzi aliiangalia ndoo, akaniangalia mimi, akapiga chafya. Akagonga mhuri: kimeidhinishwa. Vyote sita.

Akiwa mlangoni, akifungua mwavuli, aliniuliza kama Baba hajambo. Alisema humwona kila mwaka mstari wa mbele na kwamba watu kama yeye ndio mizani yenyewe. Akasema nimsalimie. Aliongea kwa upole, na sijui mpaka sasa kama upole ule ulikuwa na kitu ndani yake. Nimeshinda nikiugeuza geuza. Afadhali angefoka.

Jumatatu, 30 Machi

Rafu imewekwa, na kibao chake kimepakwa rangi. Baba yuko salama. Nimekula chakula cha mchana nikamaliza sahani.

Alhamisi, 2 Aprili

Baba alikuja maktaba.

Hajawahi kuja tangu niajiriwe. Alikuwa amevaa koti lake zuri, viatu vya mvua vikichuruzika kwenye sakafu ambayo Bi Kimya alikuwa ametoka kuipiga deki. Nilimwambia Baba kwamba kitabu kimeidhinishwa. Nilisema kwa furaha ile ya kumwambia mgonjwa kwamba amependeza. Akauliza kiko wapi. Akaenda rafuni mwenyewe, akakitoa, akalamba kidole, akafungua.

Nilijifanya napanga kadi. Nilimsikia akigeuza. Akageuza tena, akarudi nyuma. Akajaribu ukucha kwenye ukingo. Fundi mzuri haachi ukingo, na mimi ni fundi mzuri.

Alikuja mezani kwangu akakiweka taratibu.

“Miaka thelathini na minane nimeufunga mdomo wangu mwenyewe,” alisema. “Sikujua kama nitahitaji msaidizi.”

Niliinuka, nikasema nimefanya kwa ajili yake, nikasema watamchukua, nikasema mengine nisiyoyakumbuka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema hata siku ile aliambiwa aache injini ikinguruma ili watu wasisikie, na ilikuwa kazi nzuri, hakuna aliyesikia. Kisha akafunga vifungo vya koti akaondoka kwenye mvua.

Nimekuwa na hofu mwezi mzima. Nilidhani ni hofu ya Mkaguzi. Leo nimeogopa kitu kingine: kwamba mkono ulioandika “lugha nyepesi” ulifanana na wa Baba bila shida yoyote.

Ijumaa, 3 Aprili

Baba hasemi nami, ila chumvi na asubuhi njema.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimemuuliza Bi Kimya kama kinu cha unga cha zamani bado kipo. Alisema kilibomolewa, ila mtaa bado unaitwa Nyuma ya Kinu, na upande wa kushoto, nyumba ya mlango wa kijani, kuna mama mzee mshonaji. Mumewe alitolewa ghalani asirudi. Mtaa mzima unajua. Nilimuuliza mbona hajawahi kuniambia, yeye anayesema yote. Akasema kuna ya kusema na kuna ya kuulizwa.

Jumatano, 8 Aprili

Nimechemsha birika ofisini, nikashikilia kitabu juu ya mvuke. Ilichukua saa nzima. Kwa mara ya kwanza msimu huu nimeishukuru mvua. Gundi haikuwahi kushika sawasawa. Kurasa ziliachana zikiwa na makunyanzi, na wino wa buluu umehamia kidogo ukurasa wa pili, kivuli cha maneno yake juu ya maneno ya muuguzi. Lakini yanasomeka. Kumi na tisa inasomeka.

Nilimpelekea Baba nyumbani akaone. Alipitisha kiganja kwenye makunyanzi. Kisha akauliza kama nimeshakula.

Alhamisi, 9 Aprili

Gwaride. Kiti cha Baba, mstari wa mbele, kilikuwa kitupu. Nilisimama nyuma nikikiangalia, na nikaona wengine wakikiangalia. Mkaguzi alikuwa jukwaani na leso zake. Aliandika kitu kwenye kijitabu. Labda ni jina la wimbo.

Nyumbani nilimkuta Baba kibarazani na kitambaa cheupe. Hakuvirudisha viatu sandukuni safari hii. Aliviweka kando ya mlango, vidole vikitazama nje.

Ijumaa, 10 Aprili

Siku ya kumi.

Tulitoka saa mbili. Aliniambia nisije. Nikamwambia nimeshavaa. Viatu aliviweka kwenye mfuko wa nailoni kisha akabadili mawazo, akavibeba mikononi. Watu walitutazama: mzee wa nishani amebeba viatu kwenye mvua, na bintiye amemshikia mwavuli unaomlowesha mwenyewe. Kila gari lililotupita nililihesabu. Mara mbili nilimshika mkono nikitaka kumwambia turudi, na mara mbili alidhani nimeteleza.

Mlango wa kijani. Alisimama mbele yake muda mrefu hata cherehani iliyokuwa ikisikika ndani ikanyamaza yenyewe. Nilimwona Baba akitetemeka. Sikuwahi kujua kwamba woga wangu ni urithi.

Mama mzee alifungua, uzi bado uko mdomoni. Hakututazama nyuso. Alitazama viatu. Baba alianza kusema, alikuwa amepanga maneno, namjua, alikuwa ameyapanga tangu mwezi wa tatu, pengine tangu mwaka ule. Hayakutoka. Alinyoosha mikono tu.

Mama aliutoa uzi mdomoni. Akapokea viatu, akavigeuza, akatazama soli. Kwenye kisigino cha kushoto kulikuwa na kiraka kidogo cha ngozi, nimekiona maisha yangu yote. Alikigusa kwa kidole gumba. Alisema alikishona mwenyewe. Akavigeuza tena juu, vikang’aa, maana hakuna viatu katika mji huu vilivyotunzwa kama vile.

“Nani amekuwa akivipiga rangi?” aliuliza.

“Mimi,” alisema Baba.

“Kila mwaka?”

“Kila mwaka.”

Mvua ilikuwa inatuingia shingoni. Kisha akasema, bila ukali na bila upole, kwamba yeye kila mwaka siku kama ya leo huacha mlango bila komeo, na kwamba ni njia ya dakika ishirini tu kutoka kwetu.

Baba alisema ndiyo. Akapiga magoti pale kwenye matope, si kwa kuomba. Mama hakumwinua. Hakufunga mlango pia. Aliingia ndani na viatu, akauacha wazi, na baada ya muda tukasikia kigoda kikiburutwa, kisha kingine.

Tuliingia. Baba alizungumza mpaka adhuhuri. Aliwataja mmoja mmoja kwa alama alizozikumbuka, maana majina hakuyajua: mwenye kofia, mwenye kikohozi, wawili walioshikana mikono. Mama aliweka majina, nami nikayaandika. Aliyajua kumi na saba.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua imepungua. Nimeichana fomu yangu ya uongo, nakala zote mbili zilizobaki, na kuandika upya. *Msomaji wa nje:* jina la baba yangu, kamili. *Maoni:* tazama kurasa 84 na 85, pamoja na karatasi ya majina iliyoambatanishwa. *Aliyechagua:* mimi. Nimetia sahihi yangu, kwa mwandiko wangu, ambao ni mbaya.

Bi Kimya aliisoma yote. Aliuliza kama nina uhakika. Nikasema sina. Akauvuvia mhuri pumzi, kama afanyavyo wino ukiwa mkavu, akagonga.

Gari la makao makuu huja saa kumi. Sasa ni saa tisa na nusu. Kitabu kiko rafuni, cha sita kutoka kushoto, kimevimba katikati.